Mzee Aliyefuta "Tunaomba"

Imeandikwa na Serafina Mponda, Mtendaji wa Kata, kwa ajili ya hafla ya kumuaga Mheshimiwa Pantaleo Lihami, Kata ya Ng'ambo, Ifakara

Mheshimiwa Pantaleo Lihami ameitumikia Kata ya Ng'ambo kama Diwani kwa miaka ishirini na tano, tangu mwaka 2000, na leo Jumamosi tarehe 22 Novemba 2025 tunamuaga rasmi. Wapo watakaosema diwani hastaafu, huangushwa. Huyu hakuangushwa. Vipindi vitano alisimama, vipindi vitano akapita, na hata kura hakuwahi kuziomba. Alipanda jukwaani, akasema, "Mnanijua, na tarehe mnaijua," akashuka. Mara ya sita hakuchukua fomu. Alipoulizwa sababu alionyesha goti lake la kulia.

Kamati ya maandalizi imeniagiza niandike kwenye programu hii jambo la kuchangamsha, maana watu watakuwa wamevaa vizuri na pilau litakuwa jikoni. Nitajitahidi. Ila nisiwafiche, naandika nikiwa na hofu. Meza yangu inatazama dirisha, dirisha linatazama tuta, na kila nikitafuta neno zuri la kumsifu huyu mzee macho yangu yanakwenda kule kwenye kona ya mto.

Kwa wageni wetu nieleze. Kata hii imelala chini kuliko Mto Lumemo. Kinachotutenganisha na maji ni tuta la udongo lenye urefu wa zaidi ya kilomita moja na nusu, tulilolijenga kwa majembe yetu chini ya usimamizi wa Mheshimiwa. Limegawanywa vipande mia tatu na kumi na viwili. Kila kaya ina kipande chake, hatua tano, na kigingi chenye namba. Kila Novemba kila kaya inainua kipande chake na kukishindilia, kwa sababu udongo uliolazwa Novemba unashikana, na uliolazwa Februari unaondoka na maji. Hakuna faini wala sheria ndogo. Kuna filimbi ya Mheshimiwa saa kumi na mbili asubuhi, na kuna macho ya jirani.

Alizaliwa mwaka 1960 huko Masagati, mbele kabisa ya Mlimba, mtoto wa mkulima wa mpunga. Alipokuwa na miaka kumi na minne viongozi walifika wakatangaza kwamba familia zote zihamie kijiji kipya kando ya barabara, kwa manufaa yao wenyewe. Zahanati inakuja, walisema, na shule inakuja. Baba yake aliomba wiki mbili tu avune. Hakupewa. Walihama, na mpunga ukaliwa na ndege. Zahanati ilikuja baada ya miaka tisa. Kisa hiki alinisimulia mara moja tu, tukiwa tunasubiri kikao kianze, na alikimalizia hivi: "Wale hawakuwa watu wabaya, mwanangu. Walikuwa na huruma nyingi na haraka nyingi. Mtu wa namna hiyo mpaka leo ananitia woga."

Hapo ndipo ilipozaliwa siasa yake, ile ambayo vijana huiita ya kizamani. Aliamini kazi ndiyo inayompa mtu sauti, kwamba asiyeshika jembe hana haki ya kulalamikia shamba. Serikali kwake ilikuwa jirani mwenye nguvu: unamwita ukishindwa kuinua gogo, humwiti aje akufungulie mlango, maana ukimzoesha mlango ataingia hata chumbani. Alipoingia udiwani ofisi ya kata ilikuwa na vyumba viwili. Leo ina vyumba viwili. Nimemlilia miaka kumi anipe cha tatu, na jibu lake ni kwamba chumba kikiwepo atatafutwa mtu wa kukikalia.

Baraza lilipoleta sheria ndogo ya kutaka akina mama wauza vitumbua wawe na kibali na aproni za rangi moja, alisimama akatoa hotuba fupi kuliko zote katika historia ya ukumbi ule. "Kitumbua kibaya kinahukumiwa na mteja," alisema, akaketi. Sheria ikaanguka. Akina mama wakamletea vitumbua ndoo nzima, naye akavilipia vyote, akavigawa, vingi vikiwa vibaya.

Mimi nilifika hapa Machi 2009, na viatu vya kisigino ambavyo matope ya Ng'ambo yalivimaliza ndani ya wiki tatu. Muhtasari wangu wa kwanza wa Kamati ya Maendeleo ya Kata niliuandika kwa mwandiko wa kujivunia: "Kikao kiliazimia kuiomba Serikali itujengee choo cha soko." Mheshimiwa aliusoma, akatoa kalamu nyekundu mfukoni, akalipiga mstari neno "kuiomba."

"Mtendaji, shimo la choo linakwenda chini futi ngapi?"

Nikasema kumi na mbili.

"Na kwenye kikao hiki nani hajawahi kuchimba?"

Hakuna aliyenyoosha mkono. Choo kilichimbwa siku tisa. Siku ya saba alikuja afisa kutoka Morogoro akimtafuta Mheshimiwa Diwani, tukamwonyesha shimo. Afisa akainama, akaita, "Shikamoo, Mheshimiwa." Kutoka chini ikapanda sauti: "Marahaba, nipokee ndoo." Akaipokea, suti na yote.

Tangu hapo neno "tunaomba" likawa haramu katika kata yetu. Mnajua jinsi mihtasari ya kata nyingine inavyoandikwa. Tunaomba barabara, tunaomba madawati, tunaomba chaki. Sisi tuliandika "tumechimba," "tumepanda," "tumeanza." Kuna mwaka shule ya msingi ilipata mgeni rasmi mkubwa wa kuzindua darasa. Kama desturi, risala huanza na pongezi na kuishia kwenye maombi. Mheshimiwa aliipitia risala usiku wa kuamkia siku hiyo, akayafuta maombi yote. Mwalimu akasoma, akafika mwisho: "Ahsante kwa kuja, karibu tena." Mgeni rasmi akangoja. Akapokea karatasi, akaigeuza nyuma, kweupe. Kwaya wakadhani wamesahau zamu yao, wakaanza kuimba. Mgeni alichanganyikiwa kiasi cha kuahidi mifuko hamsini ya saruji bila kuombwa, na mzee wetu akasimama akamshukuru, akashauri mifuko hiyo ipelekwe Masagati. Watu walicheka. Walimu hawakucheka, na mimi siku ile sikucheka. Darasa lile lilikaa bila sakafu miaka miwili.

Nasema haya ili ieleweke kwamba hatumuagi malaika. Alikuwa mbishi, na ubishi wake tuliulipia. Lakini Lumemo ulipanda mwaka 2011, ukapanda 2014, ukapanda 2018, na mara zote tatu tuta la majembe lilishika. Kata zilizoomba zilikuwa bado zinangoja majibu. Sisi tulikuwa wakavu, tukajiona, na katika kujiona huko mkono wangu ukawa mkono wake. Sikuhitaji tena kalamu nyekundu. Neno lile nilikuwa nalifuta kabla halijaandikwa.

Sasa nifike mahali ninapopaogopa.

Masika ya mwaka 2020 maji yalipita juu ya tuta. Hayakulivunja, yalipita juu, saa nne asubuhi, kata nzima ikiwa macho na ikiona. Mitumbwi yetu ilikuwa sita. Nilipanda juu ya meza hii hii ninayoandikia leo, simu mkononi, na fomu ya taarifa ya maafa ilikuwa na mstari mmoja unaouliza mahitaji. Niliandika, "Tunaomba boti." Nakumbuka nimeliandika. Kisha kidole kikalifuta, kama kilivyokuwa kimefuta miaka kumi na mmoja, nikaandika, "Wananchi wanaendelea kujiokoa kwa mitumbwi." Nikatuma. Kulikuwa na boti mbili za uokoaji. Zilikwenda kwenye kata mbili zilizoziomba, na aliyezituma hakukosea. Alisoma nilichoandika.

Bi Siwema, mama wa watu, muuza kanga na viungo ambaye wengi wenu mlikula futari kwake, alipanda juu ya bati la nyumba yake na wajukuu wawili. Mheshimiwa alijaribu kumfikia kwa mtumbwi mara tatu, mkondo ukamrudisha mara tatu, na mara ya tatu ndipo goti lile lilipopondwa na gogo. Boti ilifika kesho yake adhuhuri. Wajukuu wazima. Bi Siwema alishuka kwa miguu yake, akaomba chai. Baada ya wiki mbili alifariki kwa homa ya mapafu. Daktari alisema moyo wake ulikuwa dhaifu tangu zamani na hakuna awezaye kusema. Ni kweli hakuna awezaye kusema, na hilo ndilo ninaloamka nalo kila siku mvua inaponyesha.

Katika mkutano wa hadhara uliofuata alisimama mwanawe, Mudathiri, mwenye duka la jumla na biashara ya kukodisha viti na maturubai. Hakupaza sauti. "Mama alikaa juu ya bati anangoja boti," alisema. "Ninyi mlikuwa mnaona haya kuomba." Akafungua mfuko wa rambo, akatoa kigingi namba mbili, kigingi cha kaya yao alichokuwa amekwenda kuking'oa asubuhi ile, akakiweka mezani kwangu, akatoka.

Mheshimiwa alisimama kwa mkongojo. Watu walitegemea maneno. Alisema machache: "Mkono ni wa Mtendaji, lakini neno nimelifuta mimi. Laumuni mimi." Wengi walimsamehe siku hiyohiyo, maana anapendeka. Mimi alinitetea mbele ya watu na nikarudi nyumbani nikiwa mzito kuliko nilivyokuja, kwa kuwa najua kidole kilikuwa cha nani.

Aliyekuja kwenye kikao cha mwezi uliofuata alikuwa mtu mwingine kidogo. Alinikabidhi kalamu ile nyekundu niiweke kabatini, akaniagiza niandike barua ya kuiomba Serikali itujengee ukuta wa zege kwenye kona ya mto. Nilidhani sikusikia. Akarudia: "Andika tunaomba. Hili ni gogo, mikono yetu haifiki." Akaeleza kikao kwamba kosa lake halikuwa kuipenda kazi. Kosa lilikuwa kuona haya, na kuiita haya hiyo kanuni. Cha mikono yetu tufanye, alisema, na kisichofika tuombe mapema, tuombe mara moja, tuweke sahihi. Halafu akaongeza kwa sauti ya chini, akinitazama mimi: "Lakini naliogopa neno hili. Litakapojibiwa, utaona majembe yatakavyolala."

Lilijibiwa mwaka huu. Mwezi Agosti wahandisi walikuja, watu wastaarabu kabisa, wakapima tuta kutoka mwanzo hadi mwisho, wakachomeka vigingi vyao vyenye utepe mwekundu pembeni ya vyetu. Ukuta utajengwa. Tumeona michoro. Utajengwa bajeti ijayo, yaani baada ya masika haya, siyo kabla yake. Mhandisi mwenyewe alituambia kwa kinywa chake tusiache kuinua udongo msimu huu.

Jumamosi ya kwanza ya Novemba filimbi ililia saa kumi na mbili. Mwaka jana zilitoka kaya mia mbili na tisini. Mwaka huu nilihesabu arobaini na saba. Nilipita nyumba kwa nyumba, nikaitikiwa shikamoo zangu kwa upole, nikapewa viti, nikapewa maji ya kunywa, na jibu lilikuwa moja: sasa ni kazi ya Serikali, Mtendaji. Kwa baba mmoja, ambaye kipande chake sitakitaja namba kwa sababu yupo hapa leo na shati zuri, niliambiwa kwamba ukiinua udongo wakati mkandarasi anakuja unamharibia vipimo. Jumamosi iliyofuata walitoka thelathini na wanane. Wiki iliyopita, ishirini na sita, na katika hao mmoja alikuwa mtalii wa Kizungu aliyekuwa akipita.

Mniwie radhi. Nilisema nitachangamsha.

Wiki mbili zilizopita Mheshimiwa alikuja ofisini kukabidhi vitu vya kata. Havikuwa vingi: muhuri, filimbi, na daftari la vipande, lile la jalada jeusi lenye majina ya kaya zote kwa mkono wake. Alikaa kwenye kiti cha wageni, jambo ambalo sijawahi kuliona. Mama Paulina, mkewe, alikuwa amemsindikiza ili ahakikishe hapiti tutani kwenda kushindilia. "Goti limeshaambiwa na daktari," alisema mama, "lenyewe linaelewa, mwenye goti ndiye haelewi." Mzee alicheka, tukaagana, wakaondoka polepole, mama akiwa upande wa goti.

Nililifungua daftari jioni ile kabla ya kufunga ofisi. Kila kaya ina mstari wake, na kila mwaka una alama ya kipande kilichoinuliwa. Namba moja ni yake mwenyewe, pale konani, mahali mto unapopiga kwanza. Namba mbili, ubavuni mwake, ni ya marehemu Bi Siwema na mwanawe. Nilitegemea kukuta nafasi tupu tangu mwaka 2020. Nikakuta alama kila mwaka, mitano mfululizo, na pembeni yake herufi mbili ndogo: P.L.

Miaka mitano huyu mzee amekuwa akiinua vipande viwili, kwa goti lililopondwa, na hakumwambia mtu. Sisi tulidhani Mudathiri analipa vibarua. Mudathiri, nadhani, alidhani tumekiacha kipande cha mama yake kiende na maji. Mwaka huu safu zote mbili hazina alama. Nimekwenda kupima kwa macho yangu. Pale konani, hatua kumi, tuta limekaa chini kuliko pengine popote, urefu wa mkono mzima. Masika yakianza kabla pale hapajainuliwa, maji yataingilia hapo, na hatutakuwa na haja ya kukumbushana yalikoishia mara ile.

Ndiyo sababu, ndugu wageni, programu hii imetoka ilivyo. Kwenye ukurasa wa nyuma, ambapo kamati ilitaka iwepo orodha ya vyakula, nimechapa vipande vyote mia tatu na kumi na viwili na majina ya wenyewe. Pilau mtaliona kwa macho, halihitaji kuchapwa. Tafuteni namba zenu kabla ya kunawa mikono. Wale ishirini na sita nimewawekea nyota, hata yule mtalii nimempa ya kwake. Kaka Mudathiri, viti hivi tulivyokalia ni vyako, na umetukodishia kwa nusu bei, na umesema utakuja mwenyewe kuvisimamia. Nashukuru umekubali. Mezani, pembeni ya kitabu cha wageni, utaona kigingi namba mbili. Nimekitunza kwenye droo yangu miaka mitano. Sikulazimishi kitu. Nimeogopa sana kuandika mistari hii, na nimeiandika mchana kweupe nikiwa na akili zangu.

Kwa niaba ya wananchi wa Ng'ambo, ahsante, Mheshimiwa. Ahsante kwa choo, kwa tuta, kwa vitumbua vibaya vilivyoachwa vihukumiwe na walaji, kwa ofisi ya vyumba viwili ambayo mpaka leo hakuna aliyeweza kulala ndani yake. Ahsante kwa kunisimamia siku ambayo ningestahili kusimama peke yangu. Mungu akujalie mavuno ambayo hakuna wa kukuhamisha kabla hujayavuna, na goti likubali angalau njia ya kanisani. Ukae salama nyumbani kwako, na nyumba yako ikae kavu.

Namalizia na kitu ambacho hukuniagiza kukichapa. Kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari jeusi, chini ya majina yote, kuna sentensi moja kwa mwandiko wako. Niliisoma nikiwa nimesimama, nikakaa. Imeandikwa hivi: "Vipande namba moja na namba mbili, goti limekataa, naomba mtu wa kunisaidia."

Kalamu yako nyekundu bado iko kabatini kwangu. Sikulifuta.